Uliza Fundi: Projekta za zamani na mahali pa kupata vipuri vyake

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu kutoka Lamu na Malindi zinahusu mashine za kuonyeshea filamu zilizokaa stoo miaka mingi, ambazo wenyewe sasa wanataka zifanye kazi tena, na karibu kila mwandishi ameuliza duka la vipuri liko wapi. Kabla sijajibu, ninaomba msomaji akubali kwamba duka la namna hiyo halipo pwani yetu na wala si lazima liwepo, kwa sababu kipuri hakitafutwi kwa jina la projekta bali kwa kazi yake na vipimo vyake. Anayekwenda dukani na kipande kilichovunjika mkononi, pamoja na kipimo alichokiandika, aghalabu hurudi na kitu. Anayekwenda na jina la kiwanda tu huambiwa hakuna.

Mota inazunguka lakini filamu haiendi

Bwana Fundi, assalaam aleykum. Mimi ni mwalimu hapa Lamu. Katika stoo ya shule tumekuta projekta ya Bell & Howell ya milimita 16, yaani ya filamu yenye upana huo, aina ya TQ, ikiwa ndani ya sanduku lake na ikionekana nzima. Tuliitia umeme siku hiyo hiyo. Mota ilizunguka, taa ikawaka, kisha tukasikia mlio wa kitu kinachokatika, na tangu hapo mota inazunguka lakini filamu haisogei. Je, mashine imekufa? Na kama haijafa, kipuri nitakipata wapi?
Mwalimu, Langoni, Lamu

Waaleykum salaam, Mwalimu. Mashine yako haijafa, na ugonjwa wake unajulikana kwa kila aliyewahi kufungua projekta za aina hiyo. Ndani yake mna gia ya parafujo, yaani kijiti chenye hesi ambacho huzungushwa na mota na kuyasukuma magurudumu ya meno yanayoiendesha filamu. Gia hiyo ilitengenezwa kwa plastiki na kubanwa juu ya mhimili wa chuma. Plastiki hunywea kadiri miaka inavyopita, chuma hakinywei, na kwa hiyo plastiki hujibana juu ya mhimili mpaka ikapasuka. Mara nyingi ufa huwa umekwisha kuingia mashine ikiwa bado imelala sandukuni, ikingoja tu siku ya kutiwa umeme. Grisi ya zamani nayo huganda na kuifanya mashine iwe nzito kuzungusha, hivi kwamba msukumo wa kwanza wa mota humalizia kazi iliyoanzwa na miaka.

Chomoa waya wa umeme, fungua vifuniko, zungusha mashine kwa mkono polepole na umulike ndani kwa tochi. Ukiona mstari wa ufa au meno yaliyomeguka, umekwisha kupata chanzo. Usiiwashe tena hata kwa dakika moja, kwa kuwa vipande vya plastiki vikiingia kati ya meno ya magurudumu mengine vitayaharibu hayo pia, na hapo utakuwa unatafuta vipuri vinne badala ya kimoja.

Kwa bahati njema, ugonjwa huu umeenea kiasi kwamba wapo mafundi Uingereza na Marekani wanaotengeneza gia mpya za aina hii na kuziuza kwa njia ya intaneti. Hiki ndicho kipuri pekee, katika barua zote za mwezi huu, ambacho nakushauri ukiagize ng'ambo bila kusita. Utaambiwa pia kwamba siku hizi kila kitu kinaweza kuchapishwa kwa printa ya 3D. Plastiki ya kawaida ya printa hizo, iitwayo PLA, huanza kulainika katika joto la nyuzi 60 hivi, na ndani ya projekta yenye balbu ya wati 250 joto hilo si la kushangaza. Nailoni huvumilia zaidi, lakini kitu kilichochapishwa tabaka juu ya tabaka huwa na uso wenye makwaru, na hesi yenye makwaru hula magurudumu inayoyasukuma. Kwa kifuniko kilichovunjika, kirungu au mguu wa projekta, printa hiyo ni neema. Kwa gia hii siipendekezi.

Kabla ya kulegeza skrubu yoyote, weka alama. Katika projekta yoyote ile, bawa la shata hufunika mwanga wakati ukucha unapoishusha filamu kutoka fremu moja hadi nyingine, na mambo hayo mawili lazima yaende pamoja. Ukirudisha gia huku jino moja limeruka, shata itatangulia au itachelewa, nawe utaona kila kitu cheupe kwenye pazia kikivuta mchirizi wa mwanga kwenda juu au chini. Tone la rangi ya kucha kwenye mhimili, kwenye meno na kwenye shata, pamoja na picha kadhaa za simu, vitakuepusha na usiku mrefu wa kubahatisha. Iwapo hujawahi kufungua mashine ya namna hii, mshirikishe fundi wa cherehani wa mtaani. Watu hawa wamezoea mashine ambazo sindano na bobini lazima zikutane kwa wakati wake, na sijaona wanaolielewa jambo la shata upesi kuliko wao.

Gia mpya ikikaa mahali pake, ondoa grisi yote iliyoganda, utie mpya kidogo kwenye meno, na kwenye beringi na vitambaa vya kunyonya mafuta utie mafuta mepesi ya cherehani, tone moja moja. Mafuta ya nazi, ambayo nimeyakuta ndani ya mashine za pwani mara nyingi kuliko ninavyopenda, huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, na yakikaa muda mrefu huchacha na kunata. Mafuta mengine ya kupikia nayo hunata. Dawa za kupuliza za kulegeza kutu si mafuta ya kulainishia. Husafisha leo na kuacha chuma kikavu kesho.

Mikanda imeyeyuka

Ndugu Fundi, Mwitaliano niliyekuwa nikimtunzia nyumba hapa Malindi alirudi kwao moja kwa moja, akaniachia projekta ndogo ya Silma ya Super 8 na rili chache za filamu. Nilipoifungua nilikuta mikanda ya mpira imeyeyuka ikawa kama lami na kunata kwenye puli zote. Nimezunguka maduka ya hapa, na hakuna hata mmoja aliyelijua jina la Silma.
Mtunza nyumba, Malindi

Ndugu yangu, hakuna haja ya kulijua. Silma kilikuwa kiwanda cha Italia, na katika mji uliokaa na Waitaliano wengi kama Malindi si ajabu projekta zake kuonekana, lakini mkanda haukutengenezwa kwa ajili ya Silma peke yake. Anza kwa kusafisha. Mpira ulioyeyuka hutoka kwa pamba na spiriti safi ya dukani, kwa subira nyingi, na usikwangue puli kwa kisu kwani mkwaruzo wowote utaula mkanda mpya. Tandaza gazeti na uvae glavu, maana weusi ule ukiingia kwenye nguo hautoki.

Puli zikiwa safi, chukua uzi usiovutika, uzungushe njia yote ambayo mkanda ulipita, uukate na uupime. Punguza asilimia 5 hivi: uzi wa milimita 300 unataka mkanda wa milimita 285. Mkanda uliokaza mno huchosha mota na kula bushi, na uliolegea huteleza pale rili inapokuwa nzito. Kisha tazama mfereji wa puli ili ujue kama mkanda ulikuwa wa mviringo, wa mraba au bapa, na upime unene wake kwa upana wa mfereji. Ukiwa na vipimo hivyo, mwendee fundi wa redio na video, hasa wale wa zamani ambao bado wana makopo ya mikanda ya kaseti. Mkanda wa mviringo unaweza kupatikana pia kwa wauza pampu, kwa sababu oringi, yaani pete ya mpira, ya kipenyo kinachofaa hufanya kazi hiyo vizuri sana. Wanaokwenda Nairobi wapite barabara ya Luthuli, ambako vifaa vya elektroniki vimejaa duka baada ya duka. Vilevile kuna kamba za plastiki laini za poliyurethani zinazouzwa kwa mita, ambazo hukatwa kwa urefu unaotakiwa, ncha zikayeyushwa kwa kisu cha moto na kugandishwa pamoja. Binafsi nazipendelea kwa sababu haziyeyuki kwa joto la pwani kama mpira, ingawa kiungo kikiwa na nundu utaisikia kila inapopita kwenye puli. Ukanda uliokatwa kutoka mpira wa baiskeli unafaa kujaribia tu, kwani unene wake hauko sawa na picha itacheza.

Projekta nyingi za Super 8 za wakati huo zilitumia balbu ya halojeni ya volti 12 na wati 100 yenye kioo cha kuakisi, ambayo bado inapatikana kwa sababu vyombo vingine vinavyohitaji mwanga mkali vinaitumia. Lakini usinunue kwa maneno yangu. Soma kilichoandikwa kwenye balbu yenyewe au ndani ya kifuniko cha projekta. Volti, wati, umbo la miguu, kioo cha kuakisi na mahali waya unaowaka unapokaa, vyote lazima vilingane, na usiiguse kwa vidole vitupu, maana mafuta ya ngozi huacha doa linalopasua kioo kikipata moto. Hakikisha pia kwamba rili ulizoachiwa ni za Super 8 kweli. Super 8 ilianza mwaka 1965, na kabla yake, tangu 1932, ilikuwapo milimita 8 ya kawaida ambayo upana wake ni ule ule lakini vitundu vyake vya pembeni ni vikubwa zaidi na vimepangwa kwa nafasi nyingine. Baadhi ya projekta zina swichi ya kubadilisha kati ya hizo mbili. Isiyokuwa nayo itaikwangua filamu ya aina nyingine mpaka iwe haifai.

Waimbaji wa kike wamekuwa wanaume

Maalim, salamu nyingi. Ndugu yangu aliyeko Marekani amenipelekea projekta ya milimita 16 iliyoandikwa volti 120 na hezi 60. Nimenunua transfoma ya kushusha umeme, na mashine inafanya kazi, lakini watu wanatembea polepole na waimbaji wa kike wana sauti nzito ya kiume. Fundi wa hapa anasema transfoma ni mbovu.
Msomaji, Shela, Lamu

Transfoma yako ni nzima. Umeme wetu una volti 240 na mapigo 50 kwa sekunde, nayo ndiyo hezi. Umeme wa Marekani una volti 120 na mapigo 60. Transfoma hushusha volti na kuyaacha mapigo yalivyo. Mota ya projekta yako inafuata mapigo ya umeme, kwa hiyo huku kwetu huzunguka kwa tano ya sita ya mwendo wake, na filamu iliyotakiwa kupita fremu 24 kwa sekunde inapita fremu 20. Filamu ya dakika 40 itakuchukua dakika 48, na kila sauti itashuka. Zipo projekta zenye mota ya brashi na kidhibiti mwendo ambazo hazijali mapigo, lakini yako si mojawapo.

Fungua nyuma na uitazame puli ya mota. Baadhi ya projekta, zikiwemo nyingi za Eiki, ziliundwa zikiwa na puli yenye ngazi mbili, moja kwa umeme wa hezi 60 na nyingine, iliyo pana zaidi, kwa hezi 50, na dawa ni kuuhamisha mkanda tu. Kama ngazi ni moja, kipime kipenyo chake mahali mkanda unapokaa na ukizidishe kwa sita, ugawanye kwa tano: puli ya milimita 20 itakuwa ya milimita 24. Mpelekee fundi wa kukereza chuma akutengenezee ya aluminiamu, umwachie ile ya zamani ili tundu la mhimili alipatie sawasawa, kwa sababu tundu likikaa pembeni hata kidogo mwendo utayumba na muziki utalia kwa mawimbi. Kazi hiyo haimshindi fundi yeyote mwenye mashine nzuri ya kukerezea, awe Malindi au Mombasa, na ni ndogo kwake kuliko kazi za mashua anazozifanya kila siku. Mkanda nao huenda ukahitaji kurefushwa kidogo. Rejea jibu lililotangulia.

Mota ya hezi 60 ikitumiwa kwenye hezi 50 kwa volti zile zile huvuta umeme zaidi na kupata moto. Ukiweza kupata transfoma inayotoa volti 100 au 110 badala ya 120, mota itakushukuru, na balbu itadumu zaidi, kwani kupunguza volti za balbu kwa asilimia 5 tu huongeza uhai wake karibu mara mbili huku mwanga ukipungua kwa kiasi ambacho watazamaji hawatakiona. Jumlisha wati zote zilizoandikwa kwenye kibati cha mashine na ununue transfoma inayozidi jumla hiyo kwa robo angalau. Ikiwa unatumia sola, tahadhari na inveta za bei nafuu ambazo umeme wake hautoki kwa wimbi laini, maana mota itanguruma na kuungua. Na kwenye jenereta kumbuka kwamba injini ikilegea mwendo, filamu nayo italegea.

Picha nzuri, sauti hakuna

Fundi mpendwa, projekta yetu ya milimita 16 inatoa picha safi lakini spika inatoa mvumo tu. Je, tubadilishe spika?
Kikundi cha vijana, Mambrui

Spika iacheni kwanza. Sauti ya filamu nyingi za milimita 16 imechapwa pembeni mwa filamu kama mstari wa mwanga na giza. Taa ndogo inaumulika mstari huo, na upande wa pili seli ya mwanga inageuza mabadiliko yake kuwa umeme unaokuzwa na amplifaya. Washeni mashine bila filamu, mtazame kama taa hiyo ndogo inawaka, kisha mpitishe kadi haraka haraka kati ya taa na seli. Mkisikia mdundo kwenye spika kila kadi inapopita, seli na amplifaya ni nzima na kasoro iko kwenye uchafu wa lenzi ya sauti au jinsi filamu inavyokaa kwenye ngoma yake. Taa isipowaka, isomeni. Nyingi ni za volti 4 na ampea 0.75. Balbu ya tochi haifai hata ikiingia, kwa kuwa waya unaowaka ndani ya taa ya sauti umenyooka na umewekwa mahali maalumu ili utoe mstari mwembamba wa mwanga.

Ikiwa kadi haileti mdundo na mvumo ni mkubwa, kapasita za amplifaya, yaani vile vipande vidogo vinavyohifadhi umeme, huenda zimekauka. Hivi ndivyo vipuri rahisi kuliko vyote: kiasi cha mikrofaradi kiwe kile kile, volti ziwe zile zile au zaidi, na mpange upande wa chanya na hasi kama ulivyokuwa. Mashine ya valvu, hata ikiwa imechomolewa ukutani, inaweza kubaki na mamia ya volti ndani ya kapasita zake, na kwa hiyo kazi hiyo aifanye fundi wa redio anayejua kuzimaliza kwanza. Mota ikisitasita kuanza, kapasita yake ni jamaa ya ile ya feni ya dari, nanyi mtaipata popote feni zinapotengenezwa, ilimradi mikrofaradi na volti zilingane.

Iwapo sauti ipo lakini haioani na midomo, tazameni kitanzi cha chini, yaani mkunjo wa filamu unaoachwa ulegee chini ya lenzi. Katika milimita 16 sauti imechapwa fremu 26 mbele ya picha yake, na kitanzi kikiwa kirefu au kifupi kuliko alama iliyochorwa kwenye mashine, umbali huo hubadilika.

Filamu zinanuka siki

Bwana Fundi, marehemu babu aliacha rili za milimita 16 ndani ya makopo ya bati. Tulipoyafungua tulipigwa na harufu kali ya siki. Projekta tunayo na inafanya kazi. Tunataka kuwaonyesha jamaa wote wakati wa Idi. Kuna ubaya?
Mjukuu, Mkomani, Lamu

Ubaya upo, nami naomba msizionyeshe kabla ya kusoma haya. Filamu hizo ni za plastiki iitwayo asetati, na asetati ikikaa katika joto na unyevu huvunjika na kutoa asidi ile ile inayoipa siki harufu yake. Asidi hiyo huchochea uharibifu uendelee kwa kasi zaidi, na mvuke wake huambukiza rili nzima zilizo karibu. Kopo lililofungwa kabisa hulizuia gesi lisitoke, na hali ya hewa ya Lamu imesaidia kazi hiyo mwaka hadi mwaka. Toeni rili zinazonuka mziweke mbali na zisizonuka, katika chumba chenye hewa inayopita, kipoe na kikavu kadiri mwezavyo. Uharibifu huu haurudi nyuma, ila unaweza kucheleweshwa.

Hatari ya kuzionyesha ni kunywea. Ukucha wa projekta unaingia kwenye vitundu vya pembeni kwa nafasi maalumu, na filamu iliyonywea haimpi nafasi hiyo, kwa hiyo unaichana fremu baada ya fremu. Hesabuni fremu 100 za filamu yenu, mzilaze kando ya fremu 100 za filamu nzima ambayo haijanywea. Fremu 100 za milimita 16 ni milimita 762. Ikiwa yenu ni fupi kwa milimita 6 au zaidi, kunywea kumekaribia asilimia 1, na mimi nisingeipitisha kwenye projekta yoyote ya kawaida. Hapo kilichobaki ni kuipeleka kwa wenye skana za filamu zinazoivuta bila ukucha, picha zihamishiwe kwenye faili, nanyi mwonyeshe faili hizo siku ya Idi. Ikiwa haijanywea na wala haijakunjamana, ipitisheni mara moja tu kwa ajili ya kuinakili, geti, yaani kidirisha ambamo filamu hupita mbele ya taa, likiwa limesafishwa.

Mmoja wenu aliuliza chini ya barua kama zinaweza kulipuka. Filamu za milimita 16 zilitengenezwa kwa malighafi salama tangu Kodak ilipozianzisha mwaka 1923. Zinazowaka moto ni za naitreti, na hizo ni za milimita 35 zilizotengenezwa kabla ya miaka ya mwanzo ya 1950. Huwaka hata zikizamishwa majini. Mkipata rili pana za zamani kiasi hicho, zitoeni nje ya nyumba, mbali na jiko na jua, mkatafute ushauri wa wahifadhi wa nyaraka kabla ya lolote.

Lenzi ina utando

Lenzi ya projekta yangu ina nyuzi nyeupe ndani yake. Zitatoka kwa kupangusa?
Msomaji, Malindi

Ni kuvu. Ikiwa juu ya kioo cha nje, itatoka kwa kitambaa laini na spiriti. Ikiwa ndani, lenzi ifunguliwe na fundi wa kamera, na ikiwa imekaa sana itakuwa imekwisha kula rangi ya kioo na alama zitabaki, ingawa alama ndogo hazionekani sana kwenye pazia. Ukinunua nyingine, pima kipenyo cha nje cha mtungi wake kabla ya kulipa, kwani hutofautiana kiwanda hadi kiwanda. Lenzi ya milimita 50 kwenye projekta ya milimita 16 hutoa picha yenye upana wa karibu mita 2 kwa umbali wa mita 10. Ihifadhi ndani ya kopo lenye vifuko vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja na viatu vipya, ukivikausha mara kwa mara.

Je, ninunue ya pili?

Fundi, nimesikia kuna projekta ya Eiki inauzwa Mombasa, mbovu, sawa kabisa na yangu iliyo nzima. Ni busara kuinunua kwa ajili ya vipuri tu?
Msomaji, Lamu

Ni busara, ilimradi iwe sawa kweli: linganisha namba ya modeli iliyo kwenye kibati, usitosheke na umbo. Mashine mbovu yenye lenzi nzima, ukucha ambao haujalika, geti lisilo na mikwaruzo na transfoma isiyoungua ina thamani kuliko bei yoyote ya chuma chakavu, kwa kuwa hivyo ndivyo vitu ambavyo fundi wa hapa hawezi kukuundia. Mikanda yake, balbu na kapasita zisikushughulishe katika kupatana bei. Usimkubalie muuzaji anayetaka kuiwasha ili kukuonyesha. Izungushe kwa mkono, na ikikwama ujue ni grisi au ni gia.

Kuhusu safari, kutoka Mombasa hadi gati ya Mokowe ni mwendo mrefu wa gari, kisha kuna boti, kisha punda au mkokoteni. Ing'oe lenzi na balbu uzifunge peke yake, ifunge mikono ya rili isicheze, na mashine yenyewe iwekwe imesimama kwa miguu yake juu ya godoro au magunia, wala si kwa ubavu. Ndani ya boti iwe katikati, ikiwa imefunikwa kwa plastiki mpaka chini, na ikishafika uipanguse chumvi siku hiyo hiyo kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya cherehani kabla ya kuiweka stoo.